Uso Uliokiri Kabla ya Kinywa

Sehemu ya sita

Msomaji uliyekuwa nami wiki jana unajua uliniacha wapi: juu ya kitanda cha watu wawili, peke yangu, pua imevimba kama kiazi na macho mekundu kama ya mtu aliyeshinda akikausha samaki kwa moshi. Kwa anayeanza leo nitasema kwa kifupi, kisha tuendelee.

Mimi ni Onésime, karani wa mizigo katika stesheni ya Kalemie, mji ambao wakati ule uliitwa Albertville. Maisha yangu yote sijaonja pombe. Bia sijaonja, wala lutuku, ile pombe kali ya kuchemshwa inayozika waume za watu. Lakini mwaka 1959 mashavu yangu yalianza kuwaka moto. Kisha ikafuata pua. Vipele vikatoka, ngozi ikageuka rangi ya damu iliyokauka. Mimi ni maji ya kunde, hakuna kitu kinachojificha usoni mwangu.

Mke wangu Victorine aliona. Baba yake aliuawa na lutuku, walimwokota mtaroni. Kabla hatujafunga ndoa aliniambia kwamba atavumilia njaa na atavumilia ugonjwa, lakini hatalala nyumba moja na mlevi.

Aliniuliza mara tatu kama ninakunywa. Mara tatu nilikataa kujibu. Mimi, niliyesoma madarasa ya jioni miaka tisa baada ya kazi, niliyeweza kuandika barua ya Kifaransa isiyo na kosa, niulizwe na mke wangu kama mtoto aliyelamba sukari?

Mara ya tatu alifunga mizigo, akapanda treni kwenda kwao Nyunzu. Ilikuwa mwezi wa tano, 1960. Mwezi uliofuata tukapata uhuru. Baadaye vita vikakata reli, barua zikakatika, na binti yetu Martine, ambaye kwa jina lake Victorine huniita Papa Martine, alikuwa ameolewa mbali, Kongolo. Nyumba ikabaki na mimi na saa ya ukutani.

Habari za limao, za majivu, za sabuni ya upele, na za mganga aliyesema nina nyoka chini ya ngozi, nilizimaliza wiki jana. Hakuna kilichosaidia. Leo nasimulia dawa iliyosaidia, na balaa iliyoniletea.

Kwanza lazima umjue Valère.

Valère alikuwa fundi wa mabehewa. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu mababu. Anaweza kunivua kofia mbele za watu, anaweza kula chakula changu sahanini, anaweza kunitukana hata msibani. Sheria ni moja: mtani hajibiwi kwa ushahidi. Ukimwambia "si kweli" umejivunjia heshima mwenyewe. Unamjibu kwa tusi zito zaidi, basi, watu wanacheka.

Siku moja ukumbi wa mizigo umejaa watu, akapaza sauti: "Papa Onésime, usisogelee lampi. Pua hiyo ikishika moto, stesheni yote inaungua."

Nikamjibu kwamba meno yake yametoka nje kwa kushindwa kuvumilia harufu ya maneno yake.

Watu walicheka vizuri. Lakini jioni ile, hii ilikuwa kabla hajaondoka, Victorine hakucheka. Alisema mutani hasingizii. Mutani anasema kile ambacho ndugu wanaficha. Na mimi nikavaa miwani, nikafungua kitabu.

Alipoondoka nilijifunza mambo. Nilijifunza kwamba sufuria ndogo kuliko zote bado ni kubwa kwa mtu mmoja. Nilijifunza kwamba kanisani, ukiwa na uso kama ule, watu wanaacha nafasi ya watu wawili kila upande wa benchi. Wengine walinong'ona ulevi. Wengine walinong'ona ukoma. Wa ukoma walikuwa na heshima zaidi, maana walinisalimia, ila kwa mbali.

Mwaka 1962 walikuwapo mjini askari wa Umoja wa Mataifa, na daktari wao mmoja, Mhindi, alipokea raia kila Jumatano asubuhi. Muuguzi aliyemsaidia alikuwa kijana wetu Léon. Léon ndiye aliyekuja dirishani kwangu kuchukua kreti ya dawa, akanitazama kwa muda, akasema niende.

Nilikwenda nimefunga tai. Nilikaa kwenye foleni pamoja na akina mama na watoto. Mama mmoja alimhamisha mwanawe kutoka upande wangu hadi upande wake wa pili, taratibu, bila kunitazama. Sikumlaumu. Ningekuwa na mtoto mdogo ningefanya vilevile.

Daktari alinishika uso kwa vidole vyake. Hebu fikiri: miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa amenigusa uso, na huyu aliugeuza kwenye mwanga kama fundi saa, akaufinya, akazifunua kope. Nililazimika kutazama dari.

Kisha akauliza jambo kwa lugha yake, na Léon akaanza kukohoa.

"Daktari anauliza, Papa, samahani, kama weye unakunywaka."

Daktari alijua Kifaransa kidogo, kwa hiyo nilimjibu mwenyewe, tena kwa sauti ya darasani: kamwe.

Akaitikia kwa kichwa. "Ninakuamini," akasema. Na akaendelea kuandika, kama mtu aliyesema kwamba leo ni Jumatano.

Mtu wa kwanza kuniamini alikuwa mgeni, na mwezi ule ule angehamishwa.

Akaniuliza ninakula nini, ninakaa wapi, ninakunywa nini. Hapo nilijisikia vizuri. Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa chai. Vikombe sita kwa siku, yenye tangawizi na pilipili manga, inayochemka. Tena ninainywea palepale dirishani pa stesheni, jua la mchana linanipiga usoni, mvuke unapanda, ili kila mpita njia aone kwa macho yake kilichomo kikombeni mwa Onésime.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Alisema maneno mengi. Léon aliyafupisha kwa Kiswahili chetu, ambacho njo ni ndiyo.

"Anasema hiyo chai njo imekupika, Papa."

Ugonjwa wangu una jina. Niliuliza linaandikwaje, nikaliandika kwenye daftari langu: *acné rosacée*. Si ukoma, hauambukizi, na pombe haiuleti, ingawa pombe huuchochea. Mishipa midogo ya uso inapanuka na kugoma kurudi. Kila kinachotia joto kinauamsha: jua, jiko, pilipili, chai ya moto, hasira. Huwapata zaidi weupe, alisema, na kwa watu wa rangi yetu waganga huupita bila kuutambua. Miaka mitatu nilikuwa nikiuwasha moto uso wangu kwa mkono wangu, ili watu waone kwamba siungui.

Alinipa vidonge vya tetrasiklini, kimoja asubuhi na kimoja jioni, wiki sita. Alinipa mafuta ya salfa ya kupaka, yenye harufu ya yai viza. Chai iwe ya uvuguvugu. Pilipili basi. Kofia pana juani. Akaniambia wazi kwamba ugonjwa huu hauondoki kama kidonda, unatulizwa. Ukiurudia moto, nao unakurudia.

Mwishoni alichukua karatasi yenye muhuri. Léon akaeleza: daktari anataka kuniandikia, kwa Kifaransa, kwamba hali ya uso wangu haitokani na ulevi. Kwa ajili ya nyumbani, alisema.

Msomaji, kama unataka kunipiga, nipige hapa. Nilikataa. Nilisema mtu mzima hatembei mfukoni na cheti cha kwamba yeye si mlevi. Léon alinivuta mkono wa koti, akaninong'oneza, "Chukua tu, Papa, haiumi." Nikatoka.

Niliwaza hivi: uso ukipona, uso wenyewe utasema. Sitahitaji kufungua kinywa.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, tumbo liliniuma. Wiki ya tatu niliamka, nikapitisha kiganja shavuni, nikadhani ni mto. Vipele vilikuwa vimelala. Ya nne macho yakawa meupe. Ya sita pua ilirudi nyuma. Si yote, ilibaki nene kidogo kama ya mtu mwenye mafua, lakini ilikuwa pua yangu, ile niliyozaliwa nayo.

Hapakuwa na mtu wa kuonyesha.

Jumapili nilivaa suti, nikaketi sebuleni na uso wangu mpya mbele ya kiti kitupu. Nilikwenda kwa kinyozi ambaye hakuwa ameniona tangu nianze kujinyoa kwa kujificha. Aliniuliza kwa adabu kama mimi ni mgeni mjini. Nikasema ndiyo.

Valère ndiye aliyeniona kwa kweli. Alikuwa likizoni kwao Moba zile wiki zote. Siku aliyorudi alisimama mbele ya dirisha langu, akafungua kinywa chake chote na meno yake yote, halafu akakifunga.

"Umeniharibia kazi," akasema taratibu. "Sasa nitakutukana nini?"

Aliingia ndani, akakaa juu ya gunia la mtu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tuliongea bila utani. Nilimweleza habari za daktari tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake magotini. Kisha akasema reli imefunguliwa, tukamchukue mama, yeye atakuwa msemaji wangu. Nilimuuliza kwa nini yeye. Akasema kwa sababu sina rafiki mwingine. Ilikuwa kweli, kwa hiyo nikafunga dirisha, tukaenda kukata tiketi.

Tulisafiri siku moja nzima. Karibu na Niemba, ambako damu nyingi ilimwagika vitani, treni ilikwenda polepole, na ndani ya behewa watu wakaacha kuzungumza mpaka tulipopita. Mimi nilitazama uso wangu kwenye kioo cha dirisha. Njia nzima nilikuwa nikijitazama kama bibi arusi.

Huko Nyunzu, mjomba wa Victorine, Papa Barthélemy, alitupokea uani kwake. Ni mzee mwenye sauti ndogo ambaye hakuna anayemkatiza. Alitandika mkeka, na kwa desturi yao sisi tuliokuja kutafuta mke tulikaa chini, wenyeji wakakaa kwenye viti. Majirani wakaja, kila mmoja na kisingizio chake: huyu anatafuta kisu, yule anatafuta mbuzi.

Victorine akatoka ndani.

Alikuwa amekonda. Kichwani alivaa kitambaa nisichokifahamu, na hilo liliniuma kuliko nilivyotazamia, kwamba ana kitambaa nisichokifahamu. Alikuja moja kwa moja, akainama, akanitazama usoni kwa karibu, jicho moja, jicho la pili, pua. Mkono wake ulipanda kidogo kama unaotaka kugusa, ukarudi.

Kisha akatabasamu, machozi yakimtoka.

"Umeacha," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Nilisali kila siku. Mama wote hapa wanajua. Niliwaambia, siku ataacha, uso wake utarudi. Asante, Papa Martine, kwa kuacha."

Majirani wakapiga makofi ya chini kwa chini, kama kanisani.

Hapo ndipo nilipoelewa dawa ya yule Mhindi imenifanyia nini. Uso mbaya ulikuwa tuhuma tu. Uso mzuri umekuwa hukumu. Kama pua imepona, basi pombe imeachwa. Kama pombe imeachwa, basi pombe ilinywewa. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kuleta ushahidi dhidi yangu mwenyewe, tena kwa tiketi ya daraja la pili.

Nilitaka kusema. Lakini niliutazama uso wa Victorine, na miaka miwili na nusu sikuwa nimeona mtu akifurahi kwa sababu yangu.

Papa Barthélemy akasema jambo hili ni jepesi. Mume aliyekosa anakiri kosa kwa kinywa chake mbele ya wakwe, kuku anachinjwa, mke anachukua mzigo wake. Asiyekiri anarudi na treni aliyokuja nayo.

"Basi, mukwe. Ulikunywa?"

Valère aliinama sikioni pangu. Hakutania. Alisema niseme ndiyo. Ni neno moja tu, na kesho nitakula chakula cha moto. Halafu akakumbuka, akasahihisha: cha uvuguvugu.

Sijui kama unaweza kuelewa uzito wa neno lile kwa mtu kama mimi. Miaka yote nilikuwa maskini wa mambo mengi, lakini hilo moja nilikuwa nalo: Onésime hanywi. Ndilo lililonisimamisha wima kila asubuhi ndani ya nyumba tupu. Sasa niliambiwa nilitoe, na nikilitoa nitapata kile ambacho nilikuwa nimekipoteza kwa kulilinda.

"Nilikunywa," nikasema.

Sauti haikuwa yangu, lakini ilitosha. Papa Barthélemy akashukuru Mungu. Mtu akakimbizana na kuku. Victorine akaingia ndani, na nikamsikia akifunga vitu, haraka haraka, akiimba chinichini. Akatoka na mzigo wake kichwani.

"Neno moja la mwisho," akasema Papa Barthélemy. "Tangu shemeji yangu afe, sisi hapa hatusamehei mulevi peke yake. Tunataka na mwenye chungu. Taja mama aliyekuwa anakuuzia lutuku, tumupelekee neno, asikuuzie tena."

Watu wakasubiri.

Nilifungua kinywa. Ndugu yangu, Albertville nzima iliwajua wale mama. Watoto wadogo waliwajua. Polisi waliwajua na walikuwa wateja wao. Mimi, niliyetoka kukiri miaka ya ulevi, nilitafuta kichwani mwangu mwote jina moja, na sikulipata. Sikuwahi kupita hata kwenye uchochoro wao. Nilikuwa nikizunguka.

"Ni mama wa… kule chini," nikasema. "Karibu na ziwa."

"Nani?"

Valère akakohoa, akataka kusaidia kama msemaji. Victorine, mzigo ukiwa bado kichwani, akamwomba kwa upole anyamaze, mwenye kosa aseme mwenyewe.

"Alikuwa anakupimia kwa nini?" akaniuliza. "Kwa chupa ao kwa kikombe?"

"Kwa… glasi."

Mama mmoja nyuma akaguna. Nilijua kutokana na mguno ule kwamba hakuna mtu duniani anayeuza lutuku kwa glasi.

Victorine hakuuliza tena. Alisimama akinitazama, na niliona furaha ikimtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyozama mchangani. Mahali pake kulikuwa kunaingia kitu kingine. Alikuwa anahesabu. Alikuwa anarudi nyuma, mwezi baada ya mwezi, sala baada ya sala, mpaka ile siku ya tatu aliyoniuliza mezani.

"Hukunywa," akasema.

Aliushika mzigo kwa mikono miwili.

"Hata siku moja, hukunywa."

Nilitikisa kichwa. Hapana.

Hata Papa Barthélemy hakuwa na desturi ya jambo hili: mkwe anayekuja kukiri kosa ambalo hakulifanya, na hivyo kufichua lile alilolifanya.

Victorine aliutua mzigo. Nilidhani ataurudisha ndani. Hakuurudisha. Aliuweka katikati ya ua, kati ya mkeka wetu na viti vyao, akaketi juu yake, akakunja mikono.

"Mimi nilikuuliza mara tatu," akasema. "Sikuona haya. Neno moja tu lilikuwa linatosha, na ulilikatalia kinywani mwako miaka miwili, ukaniacha nikilia kwa mambo ambayo hayako."

Akapangusa uso kwa kile kitambaa nisichokifahamu.

"Sasa siendi, na sibaki. Nimeketi hapa. Weye njo uniulize, mbele ya hawa wote, kama nitarudi. Na uulize vizuri, Papa Martine. Mimi pia naweza kunyamaza."